Ngome Isiyojua Vita

Mwezi Oktoba uliopita chama chetu kilikwenda kutembea Virginia Water, upande wa kusini wa bustani kubwa ya mfalme pale Windsor. Wengi walikuja kwa ajili ya ziwa na picha. Mimi nilikwenda kutafuta mnara. Nilikuwa nimesoma kwamba juu ya kilima karibu na ziwa kuna ngome ndogo yenye minara na meno ya ukutani, tundu za kurushia mishale na mizinga yake, na kwamba hakuna hata siku moja adui aliyewahi kuikaribia, wala haikujengwa ili adui aikaribie. Ilijengwa ipendeze.

Mnara wenyewe hatukuuona. Uko ndani ya uzio, nyuma ya miti, na mlango wake si wa watu kama sisi. Jioni nilimpigia simu Bibi yangu wa Tanga, nikamsimulia safari.

"Mnara wa nini huo? Wa msikiti?"

"Hapana, Bibi."

"Wa taa ya meli?"

"Hapana."

"Basi wa nini?"

Nikamwambia ni mnara wa kutazamwa tu, umejengwa ili uonekane wa zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Wafalme wana hela."

Jibu lake lilinichekesha, lakini swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwa Kiswahili, kila jengo la namna hii lina kazi yake. Mnara, neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni mahali pa nuru, ndiyo maana linafaa kwa msikiti na kwa taa ya mabaharia. Buruji ni ya mlinzi. Ngome ni ya askari. Waingereza wao wana neno maalumu la jengo lisilo na kazi lililowekwa bustanini kwa fahari, na neno hilo kwa lugha yao maana yake ni upumbavu. Jina wamelitoa wenyewe, si mimi. Hata hivyo, baada ya kusoma kwa wiki kadhaa nimeanza kuamini kwamba jina hilo linatupoteza. Minara hii ilikuwa na kazi, na kazi nyingine hazikuwa za kuchekesha.

Tuanze na mwenye kilima. Mnara wa kwanza pale ulijengwa miaka ya 1750 kwa ajili ya William Augustus, Duke wa Cumberland, mtoto wa Mfalme George wa Pili. Msanifu anayetajwa ni Henry Flitcroft. Lilikuwa jengo la pembe tatu lenye kijimnara kila pembe, la kupumzikia na kutazama mandhari. Jina lake la leo, Fort Belvedere, ni mchanganyiko wa maneno mawili yasiyopatana: la kwanza ni ngome, la pili ni la Kiitaliano, maana yake mwonekano mzuri.

Cumberland hakuwa mtu wa kucheza na ngome za kuchezea. Tarehe 16 Aprili 1746 aliongoza jeshi la baba yake katika vita vya Culloden, kaskazini mwa Uskochi, dhidi ya wafuasi wa Charles Edward Stuart waliotaka ukoo wa Stuart urudi katika kiti cha enzi. Vita vyenyewe havikufika hata saa moja na nusu. Kilichofuata kilichukua miezi: majeruhi waliuawa walipolala, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na sheria zikapitishwa kuwavunja nguvu wakuu wa koo za milimani na kuyapiga marufuku mavazi yao. Tangu hapo watu wakamwita Mchinjaji. Mwaka huohuo baba yake akampa usimamizi wa bustani ya Windsor, naye akaanza kupanda miti, kuchimba ziwa na kujenga. Juu ya ziwa aliweka jahazi lililopambwa kwa mtindo wa Kichina, likaitwa Mandarin. Juu ya kilima akaweka mnara.

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi. Mtu aliyebomoa nyumba za watu ambao koo zao zilikuwa na ngome za kale za kweli, anawezaje kurudi nyumbani na kujijengea ngome ya kale ya uongo? Mwalimu wetu wa historia aliponisikia akanishauri nisiulize swali kwa namna hiyo, kama vile Cumberland alikuwa na dhamiri iliyokuwa ikimsumbua. "Uliza ukoo wake ulikuwa unahitaji nini," alisema.

Ukoo wake ulihitaji wazee. George wa Kwanza alikuja kutoka Hanover, Ujerumani, mwaka 1714. Alirithi kiti kwa sababu sheria ilitaka mfalme Mprotestanti, si kwa sababu alikuwa ndugu wa karibu zaidi wa malkia aliyekufa. Ndugu wa karibu zaidi walikuwa Wakatoliki, wakarukwa. Watu wake walijua kwamba ni mgeni. Sasa mgeni akitaka kuonekana mwenyeji hufanya nini? Hutafuta babu. Mwaka 1735 Malkia Caroline, mama yake Cumberland, Mjerumani kwa kuzaliwa, alimwagiza William Kent amjengee katika bustani ya Richmond kijumba cha kimiujiza cha kuezekwa kwa nyasi, kikaitwa Pango la Merlin. Ndani yake kulikuwa na masanamu ya nta, na mmoja wao ni Merlin, yule mtabiri wa hadithi za Mfalme Arthur. Watu walicheka, na magazeti ya wapinzani yalicheka zaidi. Lakini maana yake ilieleweka: utabiri wa kale wa Uingereza umetimia kwetu sisi. Pango lile halipo leo. Lilibomolewa miaka ya 1760 bustani ilipopangwa upya, na aliyetaka bustani ipangwe upya alikuwa mjukuu wa Caroline, George wa Tatu, ambaye alizaliwa London na nadhani hakuona haja ya Merlin.

Nikiwa mtu niliyezaliwa Reading na kujifunza ngeli za majina kwenye daftari nikiwa na umri wa miaka 18, sina ubavu wa kumcheka sana mtu anayejenga ukale wake ukubwani. Nasema hili mapema kabla wasomaji wengine hawajanikumbusha.

Familia hii ilisambaza ugonjwa huo. Dada yake Cumberland, Mary, aliolewa na Frederick wa Hesse-Kassel. Shemeji huyu ndiye aliyeleta askari wa Kijerumani wapatao 6,000 Uskochi mwaka 1746 kumsaidia Cumberland, ingawa hawakupigana Culloden kwenyewe. Biashara ya nchi yake ilikuwa hiyo: kukodisha jeshi. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Frederick alimkodishia George wa Tatu maelfu ya askari, na malipo yakaingia katika hazina ya Kassel. Wanajeshi hao walikuwa watoto wa wakulima, na wengi hawakurudi.

Mtoto wa Frederick na Mary, Wilhelm wa Tisa, alirithi utajiri huo mwaka 1785. Naye pia, alipokuwa mtawala wa Hanau kabla ya kurithi, alikuwa amewakodisha askari wake mwenyewe. Mwaka 1793 akaanza kujenga Löwenburg, Ngome ya Simba, katika bustani ya kasri lake la Wilhelmshöhe. Msanifu wake, Heinrich Christoph Jussow, alikuwa ametembelea Uingereza kuangalia bustani. Kazi ikaisha mwaka 1801. Kwa hiyo mjomba alijenga mnara mmoja wa pembe tatu, na mpwa akajenga ngome nzima: handaki, daraja la kuinuliwa, mnara mkuu, kanisa, ghala la silaha na mavazi ya chuma ya mashujaa. Vioo vya rangi vya makanisa ya zamani ya Hesse vilihamishiwa humo. Sehemu nyingine zilijengwa zikiwa zimebomoka tayari. Katika nchi zetu fundi anayejenga ukuta uliobomoka hulazimishwa kurudisha pesa; huko Kassel alisifiwa.

Mwaka ambao Löwenburg ilianza si mwaka wa kawaida. Januari 1793 Wafaransa walimkata kichwa mfalme wao. Oktoba wakamkata malkia, Marie Antoinette. Naye pia alikuwa na mnara wake wa bustanini, pale Versailles, kando ya kijiji cha kuigiza alichojengewa na Richard Mique kuanzia mwaka 1783. Waliuita Mnara wa Marlborough, kwa sababu ya wimbo wa kitoto kuhusu jemadari wa Kiingereza aitwaye Marlborough, ambao yaya wa mtoto wa mfalme alikuwa akiuimba na kasri zima likaupenda. Marlborough ndiye aliyewachapa Wafaransa vibaya pale Blenheim mwaka 1704. Adui amekuwa wimbo, wimbo umekuwa mnara, na chini ya mnara watu wa kasri wanapanda mashua kwenda kuvua samaki. Miaka sita baadaye umati wa Paris ukafika Versailles.

Wilhelm aliyaona hayo kutoka Kassel. Simwoni kama mpumbavu. Naona mtu anayejenga hoja kwa mawe: ukoo wangu umekuwapo tangu enzi za mashujaa wa farasi, na hata ukiona ukuta umebomoka, ujue umebomoka kwa uzee, si kwa mapinduzi. Aliishi humo kwa vipindi, na alipokufa mwaka 1821 alizikwa chini ya kanisa la ngome yake ya uongo, jambo ambalo kidogo liliifanya iwe ya kweli. Tena mawe aliyotumia yalikuwa laini, ya volkano, yanayoliwa na mvua na baridi. Ngome ikaanza kubomoka yenyewe bila kuombwa. Halafu mabomu ya Vita Kuu ya Pili yakaangusha mnara mkuu. Wajerumani wametumia miaka mingi na fedha nyingi kuujenga upya, na nimejaribu mara tatu kuieleza kazi yao kwa sentensi moja ya Kiswahili bila kucheka: wanakarabati gofu la gofu bandia ili lirudi kuwa gofu bandia.

Kwa Warusi nitapita haraka. Katika bustani ya Tsarskoye Selo kuna Mnara Mweupe wa miaka ya 1820, kazi ya msanifu Adam Menelaws, ambapo watoto wa Nicholas wa Kwanza walifanya mazoezi ya viungo na kucheza vita. Angalau hapo waliukubali ukweli kwamba ni mchezo wa watoto.

Sasa turudi Windsor, maana sijafika kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Mnara wa Cumberland ulikaa bila kuguswa sana hadi ulipoangukia mikononi mwa George wa Nne, mfalme mnene, mpenda mapambo, aliyekuwa na madeni kuliko mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Msanifu wake aliitwa Jeffry Wyatt. Mwaka 1824 Wyatt aliomba ruhusa ya mfalme aongeze jina lake liwe Wyatville, ajitenge na akina Wyatt wengine waliojaa katika fani hiyohiyo. Basi mtu aliyejitia kipande cha jina ndiye aliyekabidhiwa kuvitia vipande vya ukale vitu vingine vyote. Kwenye Fort Belvedere aliongeza vyumba, akarefusha mnara mmoja wa kupandishia bendera, na mizinga midogo ikapangwa nje, ikawa inapigwa siku za kuzaliwa za wafalme. Kwenye Windsor Castle yenyewe, ambayo ni ngome ya kweli iliyoanzishwa na William Mshindi, aliuona Mnara wa Mviringo ni mfupi, haujikazi vya kutosha. Akaupandisha kwa karibu mita 9. Ukiitazama picha maarufu ya Windsor, ile iliyo kwenye visahani na mifuniko ya mabati ya biskuti, sehemu ya juu ya mnara huo ni ya karne ya 19. Sehemu unayoiona vizuri zaidi ndiyo ya uongo.

Kazi yake ya tatu iko chini ya kilima, kando ya ziwa, na hiyo tuliiona. Ni nguzo za mawe, nyingine zimesimama, nyingine zimelala, pande mbili za daraja la barabara. Wenzangu walipiga picha. Mmoja wetu akasoma kibao kwa sauti, kisha akarudia neno moja polepole: Libya.

Mawe yale si bandia. Yametoka Leptis Magna, mji wa Kirumi katika pwani ya Libya. Mwaka 1816 balozi mdogo wa Uingereza pale Tripoli, Hanmer Warrington, alimshawishi mtawala wa huko, Yusuf Karamanli, akubali yachukuliwe yawe zawadi kwa mfalme wa Uingereza. Wenyeji walipinga, wao pia walizoea kuyatumia mawe hayo kwa ujenzi wao. Lakini mwenye saini alikuwa Tripoli. Nguzo zaidi ya 30, pamoja na vichwa vyake na vitako, zilipakiwa melini, zikafika London mwaka 1818. Hakuna aliyejua la kuzifanyia. Zikakaa katika ua wa British Museum miaka minane. Ndipo mwaka 1826 Wyatville akazichukua, akazikata pale alipoona inafaa, akazipanga ziwe gofu la hekalu ambalo halikuwahi kuwapo popote duniani. Zikaitwa Hekalu la Augustus.

Nilisema juu kwamba ukoo huu ulihitaji wazee. Hapa uliazima wazee wa wengine. Na wazee gani! Leptis Magna ndiko alikozaliwa Septimius Severus mwaka 145, Mwafrika aliyekuja kuwa mfalme wa Roma yote. Alipopata enzi aliujengea mji wake uwanja, mahakama na barabara ya nguzo kuelekea bandarini. Mwandishi mmoja wa kale anadai kwamba lafudhi ya Kiafrika haikumtoka Severus hadi uzeeni. Anadai pia kwamba dada yake alipokuja Roma alizungumza Kilatini kibovu, mfalme akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha nyumbani. Nilipousomea mkutano wa chama kisa hicho, watu walicheka kicheko cha watu wenye dada, shangazi na binamu, na cha watu ambao wenyewe wameshawahi kuwa dada huyo, ila kwa upande wa pili: tunapofika Mombasa au Muscat na kufungua mdomo.

Severus alifia wapi? Mjini York, Uingereza, tarehe 4 Februari mwaka 211, akiwa amekuja kuwapiga watu wa Uskochi. Yaani miaka 1,535 kabla ya Cumberland, kwa safari ileile ya kaskazini. Mawe ya mji wake yalimfuata baadaye, yakawekwa chini ya kilima cha mnara wa Cumberland. Hilo halikupangwa na mtu, na sidhani kama George wa Nne alilitambua.

Katika mjadala wetu kuna mwanachama aliyesema kwamba nguzo zirudishwe Libya, na mwingine aliyesema kwamba zimeshakaa Windsor miaka 200 na sasa ni za Windsor. Mimi msimamo wangu ni wa kwanza, lakini kabla ya hapo ningetaka kibao kibadilishwe. Kibao kinaeleza zilikotoka. Hakielezi kwamba kuna watu waliokataa.

Limebaki moja kuhusu Fort Belvedere, na linatugusa kwa karibu. Novemba 1928 mtoto wa mfalme, Edward, alikuwa Afrika Mashariki kuwinda. Akiwa Tanganyika zikamfikia simu za maandishi kwamba baba yake, George wa Tano, yu mahututi. Alishuka hadi Dar es Salaam, akapanda manowari Enterprise, ikamkimbiza hadi Brindisi, Italia, na kutoka hapo treni. Baba akapona. Mwaka uliofuata Edward aliomba apewe ule mnara mkongwe wa kilimani uliokuwa umeachwa kwa magugu, akapewa. Akaweka mabafu, mitambo ya joto na bwawa la kuogelea, akakata vichaka kwa mkono wake na kuwakatisha wageni wake pia. Lilikuwa jengo pekee alilolipenda kweli. Alikuwa na makasri ya kweli yakimngoja. Akachagua ngome ya kuchezea.

Na humo ndani, tarehe 10 Desemba 1936, ndugu zake watatu wakishuhudia, Edward wa Nane alitia saini hati ya kujiuzulu ufalme ili amwoe Wallis Simpson. Siku iliyofuata akawatangazia watu kwa redio kutoka Windsor Castle. Mnara uliojengwa na ukoo uliotaka uonekane umekuwapo tangu zamani na utakuwapo daima, ndimo mmoja wao alimoweka kalamu chini na kuondoka. Nilipomsimulia Bibi haya, sehemu ya mapenzi haikumshangaza. Alichotaka kujua ni kama kweli mtu huyo alipitia Dar es Salaam, na mwezi gani. Nikamwambia ni mwanzoni mwa Desemba. "Wakati wa mvua za vuli," akasema. "Aliona joto huyo."

Nguzo zilizochukuliwa Leptis hazikuingia melini zote. Tatu ziliwashinda wapakiaji, zikaachwa ufukweni. Ziko hapo hadi leo, zimelala juu ya mchanga, hatua chache kutoka majini.